Pasi ya Mama Jeniffer

Ukifika Majengo pale Mpanda mjini ukaulizia kijiwe cha Mwenyekiti, utaonyeshwa benchi refu lililoegemea ukuta wa nyumba ya Ponsian. Uenyekiti huo hakupigiwa kura. Desturi ya pale ni kwamba benchi likikaa ukutani kwako, wewe ndiye mwenyekiti: kikombe cha kwanza ni chako, na ukikohoa watu wanatulia wasikie unataka kusema nini. Ponsian aliipenda heshima hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Masika yalipolowesha mkaa na Gelasius muuza kahawa akaanza kusema atahamia stendi, Ponsian alikosa raha kabisa. Bahati nzuri aliwahi kulimaliza suala hilo, kijiwe hakikuhama, na tangu hapo birika la Gelasius likawa la moto kutwa nzima.

Jumamosi hiyo lakini Mwenyekiti hakuwa na la kukohoa. Alikaa mwisho wa benchi na shati lililojaa mikunjo, macho kwenye bajaji ya mizigo iliyosimama getini kwake. Mpangaji wake, Dorotea, yule mjane wa Mpimbwe ambaye mtaa mzima unamwita mama Jeniffer, alikuwa anahama. Anakwenda Mwamkulu kwa dada yake.

— Kwa hiyo anahama kweli, alisema Machibya, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye kijiweni jina lake ni Zizi.

— Mwache aende, alisema Didace, fundi simu, huyo wanamwita Satelaiti. Kuanzia kesho umeme wa Mwenyekiti utakaa.

Nyumba ya Ponsian ina mita moja kwa watu wote, kila mmoja anachangia, na kwa muda sasa umeme wa kutosha wiki ulikuwa unaisha hata wiki haijafika katikati. Kijiweni hapa hapa ndipo walipomtafuta mwizi. Walianza na friji. Ponsian akalizima, nyama ikaoza, umeme ukaendelea kuisha. Wakaja kwenye televisheni, akachomoa. Wakaja kwenye taa za uani, akazifungua zote, watoto wakawa wanakwenda chooni kwa kupapasa. Mwishoni Satelaiti akamfundisha apige kelele nyumba nzima wazime kila kitu, halafu akaangalie mita. Akafanya hivyo. Kila kitu kikazimwa, na kile kitaa chekundu cha mita kikabaki kinapepesa harakaharaka, dalili kwamba umeme bado unaliwa.

Basi, wakasema, kuna mtu ana kitu amekificha. Na nani mwingine kama si Dorotea, mwenye pasi? Dorotea anapiga pasi nguo za kwaya yote ya kigango, ndiko anakopata ada ya mtoto. Mashati ya Ponsian ya kwenda misa alikuwa anayapiga bure, kwa kuwa ni baba mwenye nyumba. Ponsian aliingia chumbani kwa Dorotea mchana, Jeniffer akiwa anakula, akaibeba ile pasi akaenda kuifungia kwake. Benchi lilimsifu. Walisema huo ndio uanaume.

Zizi alizungusha kikombe mkononi.

— Mwenyekiti, usinichukie. Pasi si unayo wewe siku zote hizi?

— Ninayo.

— Na umeme umepungua kuisha?

— Haujapungua.

— Basi anayo nyingine.

— Nimepekua, alisema Ponsian. Hana.

Alilisema hilo akiangalia chini. Alikuwa amefunua hadi godoro la mjane, mtoto akiwa amesimama mlangoni na kijiko chake, na tangu siku ile yule mtoto hamwamkii tena. Hilo hakuliambia benchi. Lilimrudia kila asubuhi alipokuwa anapita uani na kumkuta Dorotea anahangaika na pasi ya mkaa ya kuazima, anapuliza majivu ili yasirukie magauni meupe ya watu.

Wenzake wakaona wamtoe kwenye mawazo, na kwa wao kumtoa mtu kwenye mawazo ni kumwongezea mengine. Zizi akasema umeme unamwagika. Huko walikotoka na ng'ombe za baba yake, alisema, kuna nguzo ilikaa kwenye maji, ardhi ikanywa umeme mpaka majani yakawa machungu, ng'ombe wakayakataa. Satelaiti akasema huo ni ushamba. Televisheni za siku hizi hazizimiki, mtu anadhani amezima kumbe ameifumba macho tu, na king'amuzi kinaurudisha umeme juu kule matangazo yanakotoka.

— Si nilichomoa? alisema Ponsian.

— Ulichelewa. Kilishajua njia.

Zizi hakukubali kuzidiwa. Akauliza kama darini hakuna nyuki. Nyuki wa porini Ugalla wanapenda joto, alisema, wakihamia mjini wanalala juu ya nyaya wanaota joto, na kundi zima likiota unategemea nini. Gelasius naye, ambaye kwa kawaida humimina tu, akachangia kwamba umeme una roho nyepesi, nyumba yenye ugomvi haukai. Wakacheka. Ponsian alicheka pamoja nao kidogo, kisha akamwona Dorotea anatoka na ndoo ya vyombo kichwani, akaacha.

Kijana wa bajaji, Maiko, alikuwa amemaliza kupanga vitu, anasubiri godoro tu. Akaja kijiweni, akasalimia vizuri, shikamoo kwa kila mmoja. Simu alikuwa ameishika mkononi.

— Samahani wazee wangu, simu imezima, na njia ya huko Mwamkulu siijui vizuri. Naomba nichaji kidogo hapo kwenye soketi ya jiko la kahawa.

Gelasius alisogea kumwonyesha soketi nyuma ya boksi la bati lililokinga jiko lake na upepo.

— Umeme ni wa nani, nimwombe mwenyewe? aliuliza Maiko.

Gelasius alimwangalia Satelaiti, Satelaiti akamwangalia Zizi, Zizi akaangalia ndani ya kikombe chake. Ponsian yeye aliangalia waya. Ulitoka kwenye lile jiko dogo la umeme, ukapita chini ya benchi, chini ya miguu yao wote, ukafukiwa mchanga ili mtu asijikwae, ukapanda ukutani na kuingia dirisha la stoo yake. Aliuvuta mwenyewe kipindi kile cha mvua, kwa mikono yake, ili kijiwe kisihame. Na jiko halikuzimwa tangu siku hiyo, toka alfajiri mpaka usiku, hata Gelasius akienda kula. Alipopigia kelele nyumba nzima izime, benchi hakulihesabu. Benchi halikuwa nyumba.

Aibu ilimpanda taratibu, ikamjaa, masikio yakawa ya moto. Aliinuka bila kuaga. Aliingia stoo akachomoa waya, akaenda kwenye mita. Kitaa kilipepesa mara moja, kikakaa, kikakaa sana, ndipo kikapepesa tena.

Pasi ilikuwa juu ya kabati. Ilimbidi atoke nayo kwa mlango wa mbele, apite nayo mbele ya benchi, kila mtu aone amebeba nini. Dorotea alikuwa ameshakaa kwenye bajaji, amempakata Jeniffer, godoro mgongoni kwao.

— Mama Jeniffer, alisema. Nimekukosea. Haikuwa wewe. Ni jiko la kahawa. Ule waya ni wangu.

Dorotea aliipokea pasi, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga.

— Naujua, baba. Naufunua kila siku nikifagia.

— Sasa mbona hukusema?

— Ungenisikia? Na mimi nilidhani unajua, baba, alisema, bila hasira yoyote. Umeuvuta mwenyewe. Nikasema basi, huyu hanitaki, anatafuta tu pa kuanzia. Ndiyo maana nimekupisha.

Ponsian alitaka kusema siyo hivyo. Alitafuta neno la kuonyesha kwamba kumfukuza hakukusudia hata siku moja, kwamba alikuwa mjinga tu, akaona kwa mtu aliyekwishafunga godoro yote ni mamoja. Jeniffer alilaza kichwa juu ya pasi ya mama yake. Maiko akawasha, akauliza njia ya Mwamkulu, Dorotea akamwonyesha kwa mkono, wakaondoka.

Kijiweni hawakumwita. Alipogeuka, walikuwa wamesogea na kumwachia nafasi yake, ile ya mwenyekiti, na juu yake wamemwekea kikombe kilichojaa. Hakukaa. Alisimama pembeni ya dirisha la stoo na shati lake la mikunjo, mpaka birika likaacha kutoa mvuke.

— Mwenyekiti, aliuliza Gelasius kwa sauti ya chini, nichomeke tena?