Mwalimu Muthoka Apata wa Kumwachia Ngoma Kubwa

Tarehe 30 Aprili 2004, Mwalimu Muthoka Nzuki anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha muziki katika chuo chetu hapa Machakos. Amechoka. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu mwenyewe husema kila asubuhi akiingia ofisini, kabla hata ya kusalimu, nasi humjibu kwamba hayuko peke yake.

Alifika mwaka 1973 akitokea Kangundo, akapewa kwaya na kikundi cha ngoma za asili. Kwaya haikumsumbua. Kilichommaliza ni ule mchezo wa kina mama wa kwao, ambao ngoma kubwa hupiga mapigo matatu pale ngoma ndogo inapopiga mawili. Miguu hufuata kubwa, mabega hufuata ndogo, na kila mpigaji lazima ashike lake asivutwe na mwenzake.

Mazoezi aliyafanyia jikoni. Wanafunzi wawili walisimama kwenye vinu viwili vya muthokoi, yaani mahindi ya kutwangwa yatoke maganda, huyu akitwanga tatu, yule mbili. Aliyepotea alirudia. Ndiyo maana kila muhula wa kwanza muthokoi wetu huja mezani umepondekapondeka, na Kamanthe wa jikoni hulaumiwa bure.

Tangu 1998 Mwalimu aliomba apumzishwe kikundi. Mgongo ulimuuma na safari za tamasha zilimtoa pumzi, lakini hakupatikana mtu wa kushika ngoma kubwa. Mwaka 2001, kwenye sherehe za Jamhuri, alimwachia mwenzetu Josphat akaenda kukaa kivulini. Haukupita muda Josphat akavutwa na ngoma ndogo. Miguu na mabega vikaenda pamoja, wachezaji wakawa kama gwaride, na uwanja ukashangilia sana kwa sababu sasa watu waliweza kupiga makofi. Mwalimu akainuka kwa shida, akachukua ngoma yake, na makofi yakafifia. Iliniuma kumwona. Aliniambia njiani kwamba akiondoka mchezo huo utakufa, na watu wataupigia makofi ukifa.

Mwezi uliopita alimpa ngoma hiyo Kalunde, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tulisikiliza roho juu. Kalunde alipotea kidogo, akajirudi, akashika. Lakini kila mara aligeuka kumtazama mwalimu wake, akingoja kukosolewa.

"Usiniangalie," Mwalimu akamwambia. "Hiyo iko sawa. Wacha sasa nikae chini."

Akakaa kwenye benchi, akaegemea ukuta. Ngoma zote mbili zikavuma, kila moja na lake, wasichana wakacheza mbele yake mpaka vumbi likapanda. Mwalimu Muthoka akalala fofofo, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Asante, Mwalimu, kwa mgongo wako na kwa subira yako. Msalimie mkeo, Mama Mwelu. Tunakuombea afya na siku nyingi za utulivu, na usingizi ule uendelee Kangundo, kwenye kitanda chako mwenyewe.