Bunduki Aliyoirudisha Adelard Kaijage

Baba Paroko, viongozi wa serikali ya mtaa, ndugu, jamaa na majirani wa Temeke na Tabata, kabla ya kuwasomea lini alizaliwa na wapi alisoma mpendwa wetu Adelard Gozbert Kaijage, familia inaomba kuanza na jambo moja ambalo dada yake Demetria, aliyeiandika historia hii, amelitafakari kwa siku ishirini na tatu, tangu mdogo wake alipoumia, bila kulipatia jibu. Jumamosi ya tarehe 24 Mei mwaka huu wa 2025, katika duka la silaha mjini, marehemu aliweka begani bunduki iliyomfaa kuliko yoyote aliyowahi kuishika, akaikoki mara tatu huku amefumba macho, akatabasamu, kisha akamrudishia muuzaji na kununua nyingine isiyomfaa, na hakufanya hivyo kwa kukosa fedha, maana ile aliyoirudisha ndiyo iliyokuwa rahisi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye mke, mtoto na kazi yake. Kwa nini aliirudisha hatujui, lakini ile aliyoinunua ndiyo iliyotukusanya hapa, na familia haitaki mwondoke bila kuambiwa hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Temeke, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mwalimu Gozbert Kaijage na marehemu Mama Bernadeta, waliohamia Dar es Salaam kutoka Bukoba mwaka 1983. Alizaliwa mtu wa mashoto, jambo lililoonekana mara tu alipoanza kushika kijiko, na nyumbani likachukuliwa kama ugonjwa unaotakiwa kuwahiwa. Mama alimkataza kwa upole, baba alimkataza kwa rula, na Demetria, aliyemzidi miaka sita, alipewa kazi ya kumpaka pilipili kwenye vidole vya mkono wa kushoto kabla ya kila mlo, kazi aliyoifanya kwa miezi minne ya mwaka 1995, kwa bidii ya mtoto anayependa kusifiwa. Ameomba liandikwe na lisomwe kwa jina lake, kwa sababu hasira aliyo nayo leo hana haki ya kuwatupia wengine peke yao.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1998, katika shule ya msingi aliyofundisha baba yake, na katika chumba cha baba yake. Mwalimu Gozbert alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja, na wapo miongoni mwenu, sasa ni watu wazima wenye mvi, ambao aliwahi kuwagonga vidole walipokamata kalamu kwa mkono wa kushoto. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa ameona watoto wakiondolewa kwenye sinia mbele za wageni, na vijana wakiitwa wakosa adabu kwa kumpokea mkubwa kitu kwa mkono usiotakiwa, akaamini kwamba maumivu madogo ya darasani yatamwepusha mtoto na aibu kubwa ya mtaani, na chuo cha ualimu kilimfundisha hivyo hivyo. Haya yanasemwa ili haki itendeke kwake, wala hayasemwi ili kuifuta rula. Marehemu alijifunza kuandika kwa mkono wa kulia, na mwandiko wake ukawa mzuri hata daftari lake likawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu lionekane na wageni. Alihitimu darasa la saba mwaka 2004, kidato cha nne mwaka 2008 hapa hapa Temeke, na kidato cha sita mwaka 2011 mkoani Tabora.

Baba yake alitaka awe mwalimu. Marehemu alikataa, akaenda chuo cha wanyamapori, akahitimu mwaka 2013, na Januari 2014 akaajiriwa kama askari wa wanyamapori na kampuni moja ya uwindaji wa kitalii yenye kitalu wilayani Liwale. Tarehe 19 Agosti 2017 alifunga ndoa na Jesca, hapa Dar es Salaam, ingawa baba yake hakupenda aoe katika familia ya Kilutheri, na wakahamia Tabata, ambako tarehe 3 Februari 2019 walijaliwa binti yao Anna. Tunayataja haya mfululizo ili mwone ugumu wa swali la Demetria. Mtu huyu hakuwa mwoga wa baba yake. Alimkatalia kazi, alimkatalia mchumba, akamkatalia hata mtaa wa kuishi, na kila mara alimkatalia kwa heshima, uso kwa uso.

Mwaka 2023 alianza kujifunza kazi ya kuongoza wageni, chini ya mwindaji bingwa Isack, ambaye yupo nasi hapa. Siku ya kwanza ya mazoezi Isack aliweka debe hatua hamsini mbele, na marehemu akaweka bunduki bega la kulia kama alivyozoea kufanya kila kitu mbele za watu, akalikosa mara sita. Isack akamwambia ahamishie bega la kushoto, naye akalipiga mara sita. "Bwana mdogo," Isack akasema, "jicho lako la shoto, bega lako la shoto, wewe nani alikudanganya?" Marehemu alicheka sana alipomsimulia dada yake maneno hayo, na alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kwa wasiojua silaha, bunduki ya kuwindia nyati hukokiwa kwa mkono kila baada ya risasi, na kwa karibu bunduki zote mpini wa kukokia uko upande wa kulia. Mtu wa shoto akitumia bunduki hiyo hulazimika kuachia kifyatulio, kuuvusha mkono wake juu ya bunduki, kuvuta mpini, kusukuma, na kurudi tena kwenye kifyatulio, na muda huo wote bunduki inacheza begani na macho yameshatoka kwa mnyama. Kwa swala hilo si tatizo. Kwa nyati aliyejeruhiwa, risasi ya pili ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani. Zipo bunduki zenye mpini upande wa kushoto, ni chache, na Isack aliandika kwenye taarifa ya mafunzo ya Desemba 2024 kwamba Adelard atafute moja kabla ya kwenda kwa mara ya kwanza kwenye wanyama hatari. Kampuni iliisoma taarifa hiyo, ikaweka mhuri, ikasema kila mwanafunzi ajitegemee kwa silaha.

Kibali cha polisi kilipotoka, marehemu alikwenda dukani kwa Bwana Aidarus, mfanyabiashara aliyerithi duka hilo kwa babu yake, akifuatana na Demetria aliyekuwa akiendesha gari na Mwalimu Gozbert aliyekuwa mdhamini wake kwenye barua za serikali ya mtaa. Aidarus alishusha bunduki ya shoto kutoka rafu ya juu kabisa, akaifuta vumbi. "Hii imekaa miaka tisa," alisema. "Kila anayeishika anacheka, anarudisha. Wewe ndiye wa kwanza usiyecheka." Marehemu akaiweka begani, akakoki mara tatu kama tulivyosema, na mkono haukutafuta kitu, ulikuta kila kitu mahali pake. "Mashallah," Aidarus akasema, "ilikuwa inakungoja."

Hapo Mwalimu Gozbert akasema, "Mwenzangu, kwetu hakuna mtu wa shoto."

"Mzee wangu," Aidarus akajibu, "mie nauza bunduki, siuzi adabu."

"Huyu nimemfundisha mwenyewe. Anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia. Hilo jambo lilikwisha zamani."

Aidarus akamwangalia mteja wake. Demetria naye alikuwa amesimama kando ya mlango, na alikuwa na maneno, akayameza, na hilo pia ameliandika. Marehemu akaiweka ile bunduki juu ya meza kwa uangalifu, akasema, "Nipe hiyo nyingine." Garini aliuliza watakula wapi. Mwezi Juni Demetria alimuuliza kwa nini, akajibu, "Dada, mkono utazoea tu." Isack naye alipoiona aliguna, akampa siku kumi za mazoezi, na mwisho akakubali kwenda naye, akiamini atazoea, na hatumlaumu zaidi ya anavyojilaumu.

Jumanne ya tarehe 9 Septemba, mgeni wa kampuni alimpiga nyati tumboni, nyati akaingia kwenye kichaka, na Isack na marehemu wakamfuata kama kazi inavyotaka, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa hawezi kuachwa. Alitokea ubavuni, upande wa Adelard. Adelard alipiga, na alipata, risasi iliingia kifuani. Isack anasema mnyama alikuwa hatua kumi na tano, na kwa bunduki ya upande wake Adelard angepiga ya pili na hata ya tatu. Mkono wake ulikuwa bado juu ya bunduki, unatafuta mpini, alipofikiwa. Isack alimwangusha nyati yule, lakini alikuwa ameshamgonga Adelard.

Tangu Jumapili tumewasikia wengine wenu hapa kwenye turubai mkinong'ona kwamba nyati yule hakuwa wa kawaida, kwamba katumwa. Nyati hakutumwa na mtu. Alikuwa na risasi ya mgeni tumboni, na mbele yake palikuwa na mtu aliyepewa mkono usio wake. Wanaotaka kumtafuta mchawi waanze na vijiko vya majumbani mwao.

Marehemu aliletwa Dar es Salaam kwa ndege siku hiyo hiyo, akiwa amevunjika nyonga na paja, akafanyiwa upasuaji mara mbili, na kwa muda ilionekana atapona, hadi maambukizi yalipoingia kwenye damu. Alifariki dunia Jumapili tarehe 28 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mke wake. Ameacha mjane, mtoto mmoja, baba na dada.

Jumanne tarehe 30 alasiri familia ilikaa kikao nyumbani kwa Mwalimu Gozbert, na mezani palikuwa na barua ya kampuni, iliyotoa pole na kueleza kwamba silaha ile ilikuwa "chaguo lake binafsi". Mwalimu Gozbert alipendekeza tuandike kwamba amefariki kutokana na ajali kazini, basi. Wengi waliona ni busara. Demetria alikumbusha kuwa mwaka 2012, mama yao alipofariki, kwenye historia yake iliandikwa kwamba aliugua kwa muda mfupi, ilhali aliugua miaka minne na majirani wote walijua, akasema safari hii hataandika adabu mahali pa ukweli, na kwamba neno hilo la "binafsi" haliwezi kuingia kaburini na mdogo wake. Baba yake akamwambia anataka kumwaibisha mbele za watu. Demetria akajibu kwamba aibu ndiyo iliyomuua.

Ndipo Jesca akasema, "Baba, heshima yangu kwako iko pale pale, lakini nitasema. Hospitali, mkono wake wa kulia ulikuwa na dripu, hawezi kuuinua. Wewe ulipokuwa unakuja na uji, alikuwa anakuambiaje?"

"Alikuwa anasema hana njaa."

"Alikuwa na njaa, baba. Ukishafika nje tu, anachukua kijiko kwa shoto, anakula uji wote. Kila siku uliyokuja. Alikuwa anakusubiri utoke."

Mwalimu Gozbert akauliza, "Kila siku?" na Jesca akasema kila siku, na mzee akaomba maji ya kunywa, na kikao kikamngoja mpaka akamaliza kunywa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku kumi na tisa, na muuguzi aliyekuwa akimwekea kijiko upande wa kushoto bila kuuliza. Inawashukuru majirani wa Temeke kwa turubai, maji na kuni, majirani wa Tabata waliokaa na Anna, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kwa sala, Bwana Aidarus aliyefunga duka kuja kumzika, na wafanyakazi wenzake, hasa Isack, aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari na kusema ukweli alipoulizwa. Mazishi ni leo Alhamisi tarehe 2 Oktoba, Kigamboni, saa tisa alasiri.

Kikao kiliamua kwamba historia hii isomwe yote, bila kuruka neno. Mwalimu Gozbert akauliza ni nani atakayeweza kusimama na kuyasoma maneno hayo, na Jesca akamjibu, "Baba, wewe ndiye uliyemfundisha kusoma." Wajumbe wakakubali aisome yeye, wakamwambia kwamba akishindwa, Demetria atampokea karatasi. Demetria amekaa mstari wa mbele, na karatasi hazijamfikia. Aliyewasomea tangu mwanzo, kama mnavyomwona, ni Gozbert Kaijage, baba yake.

Adelard, pumzika.