Turbo ya Shangazi

Benchi lile limeegemea ukuta wa nyumba ya Shangazi, pale kwenye kona ambapo barabara inaacha kuwa tambarare na kuanza kupanda kilima. Ni ubao mmoja juu ya matofali, umebonyea katikati kwa uzito wa watu na maneno yao. Shangazi si shangazi wa yeyote pale. Ni muuza kahawa, na jina amepewa na wateja wake watatu wasiokosa. Wa kwanza ni Kona, dereva wa lori mstaafu, ambaye hadithi zake zote zina kona kali. Wa pili ni Injinia, karani wa ghala, hajawahi kushika spana lakini ana maelezo ya kila kitu. Wa tatu ni Rangi, fundi wa kupaka rangi, asiyeachana na kopo lake la thina, dawa ya kuyeyushia rangi. Asubuhi hiyo walikuta geti la uani wazi, gari la Shangazi limeachama boneti, na turbo yake, chuma kinachoisukumia injini hewa ili ipate nguvu, imelala juu ya gunia mbele ya benchi, vipande viwili.

— Shangazi, leo tunakunywa kahawa au oili? aliuliza Kona akijikalia.

— Utakachopewa utakunywa.

Hakuwa na muda wa utani. Chuo cha wauguzi kule kilimani kilikuwa kinafunguliwa siku hiyo, na mkuu wa chuo alikuwa amempa nafasi ya kuuza kahawa wakati wa mapumziko, saa nne. Alimwambia bila kuzunguka: ukichelewa siku ya kwanza, nafasi anapewa mwingine. Wiki iliyopita Shangazi alijaribu njia mara mbili, na mara zote mbili gari lilitoa moshi mweusi likaishiwa pumzi katikati ya kilima. Benchi zima lilikwenda kusukuma. Walisukuma dakika kumi, wakacheka siku tano. Fundi wa gereji alichungulia tu akasema turbo imekufa, inunuliwe nyingine. Shangazi akarudi nyumbani na hasira zake, akampigia simu kaka yake, fundi wa mji mwingine, na Ijumaa akaifungua kwa mkono wake.

Kaka alimpa masharti matatu. Kabla ya kutenganisha vipande, weka alama ya jinsi vilivyokaa. Uchafu usiingie kwenye tundu la oili. Na usiwashe gari kabla turbo haijanyweshwa oili. Shangazi aliyashika kama dua. Alama aliiweka kwa rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu, mstari mmoja uliovuka vipande vyote viwili.

Sasa ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, naye alikuwa amechuchumaa akisugua masizi kwa mswaki wa zamani.

— Gari halina ugonjwa, alisema Kona. Gari linajua umri wake. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Simba wako alisimama kabisa, alisema Rangi. Tena akaanza kurudi nyuma!

— Mnakosea wote, alisema Injinia, akaweka kikombe chini, dalili kwamba mhadhara unaanza. Kile kilima kina sumaku. Chuma kinavutwa chini. Ndiyo maana watu wanapanda, baiskeli zinapanda, lakini gari, lenye chuma kingi, linagoma.

— Na malori ya mchanga yanayopita kila siku? aliuliza Kona.

— Yale yamebeba mchanga. Mchanga unazuia sumaku.

Rangi alikaribia kupaliwa.

— Hapo umechemka, bwana! Tatizo ni rangi. Gari jeupe linaogopa moshi wake mwenyewe. Nikilipaka kijivu, moshi utatoka kwa amani.

— Mimi ningelipandisha kinyumenyume, alisema Kona. Kuna kona moja, mwaka ule wa mafuriko, lori langu lilipanda kwa rivasi kilomita saba. Moshi unarudi mbele, unasaidia kusukuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Basi inama unishikie hii, alisema Shangazi.

— Mgongo wangu, Shangazi. Unaujua mgongo wangu.

Shangazi hakuinua kichwa. Ndani ya kipande kimoja, kile chenye umbo la konokono, kulikuwa na duara la vijibawa vidogo, vinavyopaswa kufunguka na kufunga ili moshi uzungushe turbo kwa nguvu inayotakiwa. Vyote vilikuwa vimegandwa na masizi. Aliviona akacheka peke yake, maana aliujua uchafu wa namna hiyo. Kinu chake cha kusagia kahawa hukwama vivyo hivyo kila masika, na hajawahi kununua kingine kwa sababu hiyo. Alivinyunyizia dawa ya kusafishia kabureta, akasugua, akafuta, akanyunyizia tena. Tundu la oili alikuwa ameliziba kwa kitambaa safi. Kisha akashika kimkono cha pembeni kinachoviendesha, akakisukuma kwa kidole gumba.

Kikaenda. Akakivuta, kikarudi, na vijibawa vyote vikafuata pamoja.

— Yalaa! alipiga kelele, na benchi zima likashtuka. Imekufa, eh? Maiti gani anapunga mkono?

Furaha ilimjaa akakimbilia ndani kuchukua gasketi mpya za kuzibia maungio na kuangalia birika lake jikoni. Hakukaa hata dakika tano. Aliporudi, Rangi alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia, kitambaa mkononi, uso unang'aa kama wa mtoto aliyeosha vyombo bila kutumwa.

— Shangazi, nimekusaidia. Kulikuwa na doa jekundu huku na huku, limeharibu sura. Nimelipiga thina, limetoka lote!

Shangazi alisimama na gasketi zake. Alitazama kipande cha kwanza, akatazama cha pili. Vilikuwa safi kabisa.

— Rangi, alisema polepole. Ile ilikuwa alama.

Vipande vile vilifungwa kwa bolti sita, na matundu yake yalilingana vyovyote ungevizungusha. Kulikuwa na njia sita za kuvifunga, na tano zilikuwa makosa. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na robo. Shangazi alihisi machozi ya hasira yakipanda, akayameza. Alimpigia kaka yake. Simu ikaita hadi ikachoka. Bila shaka alikuwa chini ya gari la mtu.

— Tupige kura, alisema Injinia. Njia itakayopata wengi, hiyo hiyo.

— Kura ya nini? Tujaribu moja moja, alisema Kona. Haraka haraka ina baraka!

— Haina baraka, Kona, alisema Injinia.

— Ya leo inayo.

— Shangazi, nisamehe, alisema Rangi kwa sauti ndogo. Mimi nikiona doa mkono haunisikilizi. Ndiyo kazi yangu.

Shangazi alitaka kumtukana, neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini alimwona jinsi alivyokikunjakunja kile kitambaa, akalirudisha. Alichukua birika akawajazia vikombe ili mikono ipate kazi. Kona alipokea chake kimeinama, kahawa ikamwagika ikashuka mchirizi mmoja hadi kwenye kiatu.

Shangazi akabaki anautazama ule mchirizi.

— Oili inaingia juu, alijisemea. Ndivyo alivyosema kaka. Inaingia juu, inashuka kwa uzito wake.

— Nani kaingia juu? aliuliza Injinia.

Shangazi alikuwa ameshaondoka na vyuma vyake kuelekea kwenye gari. Lile konokono lina mahali pake kwenye injini, na hapo halikubali kukaa ila kwa namna moja. Akalishikiza. Kisha akaweka kipande cha pili juu yake, akakizungusha taratibu, tundu kwa tundu, mpaka lile tundu kubwa la kutolea oili likatazama chini moja kwa moja, likakaa juu ya bomba lake. Alipolamba kidole akafuta ukingo, aliona mstari wa kutu wa zamani ukivuka kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kukatika. Kutu ilikuwa imeweka alama yake yenyewe miaka yote, na thina ya Rangi haikuiweza.

— Ni hivi! Hakuna kura! Rangi, lete spana, hiyo ya kumi na tatu. Injinia, shika tochi na ufunge mdomo. Kona, wewe na mgongo wako, hesabu bolti usipoteze hata moja.

Wakafanya kazi kweli, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwepo. Kona alipoona gasketi zikivishwa alisema chanda chema huvikwa pete, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumkosoa. Shangazi alikaza bolti, akaondoa kitambaa kwenye tundu, akamimina oili safi kidogokidogo huku akizungusha shafti kwa kidole. Akarudisha mabomba yote, akakagua kila unganisho kwa mkono. Saa tatu na dakika kumi aliketi nyuma ya usukani, akasema bismillahi, akawasha.

Moshi mweupe ukafunika uani wote. Rangi akashika kichwa. Halafu moshi ukapungua, ukawa utepe, ukaisha, na injini ikatulia ikinguruma vizuri.

— Ngojeni hapo, alisema Shangazi.

Akatoka getini na gari tupu, akaukabili mlima. Gia ya pili, mguu chini. Alipokaribia pale walipomsukuma wiki iliyopita, alijikuta anaibembeleza turbo kwa majina yote ya mapenzi anayoyajua. Ndipo akausikia mluzi wake, mwembamba, unapanda. Gari likavuta. Likapapita mahali pale bila hata kupaheshimu, na Shangazi akapiga honi kutoka hapo hadi kileleni, honi moja ndefu isiyo na sababu nyingine isipokuwa raha.

Aliposhuka kuchukua chupa zake za kahawa, historia ilikuwa imeshaandikwa upya. Kona alikuwa anasema yeye ndiye aliyetambua ugonjwa tangu mwanzo. Injinia alikuwa na tochi bado mkononi, anaeleza alivyoielekeza kwa pembe maalumu ya kuvunja sumaku. Rangi alisema bila thina ile kutu isingeonekana, na hilo, kusema haki, lilikuwa na ukweli kidogo.

Wakati Shangazi akipakia, mama muuza mikate alivuka barabara. Gari lake la kusambazia mikate lilikuwa upande wa pili, linakohoa.

— Samahanini, wazee wangu. Nimesikia honi, na hizi habari zenu za turbo. Langu nalo linakwama hivyohivyo. Ni nani kati yenu aliyeisafisha hiyo turbo?

Kona alikohoa. Injinia aliikagua tochi kama ndiyo kwanza aione. Rangi aliangalia kucha zake.

— Njoo nalo jioni, alisema Shangazi akifunga mlango wa nyuma. Uje na rangi ya kucha. Na asije mtu na thina.

— Shangazi! aliita Kona, kikombe kikavu mkononi. Na kahawa yetu?

— Yote naenda nayo juu!

Saa nne kasoro dakika tano alikuwa amepanga vikombe kwenye meza chini ya madirisha ya chuo, na mkuu wa chuo akaangalia saa yake, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akawa mteja wa kwanza. Kengele ilipolia wanafunzi walimiminika na sare zao mpya. Shangazi alimimina hadi mkono ukafa ganzi, na alikuwa na furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Umati ulipopungua alitazama chini kilimani. Watu watatu walikuwa wanapanda na vikombe vyao. Mmoja alikuwa amesimama katikati, palepale lilipokwama gari, mikono magotini, anahema. Wa pili alikuwa anamweleza jambo kwa mikono yote miwili. Wa tatu alikuwa nyuma yake, anamsukuma.

— Simba mwenda pole! alipiga kelele Shangazi, akajaza vikombe vitatu, akacheka mpaka ikabidi ashike meza.