Kumuaga Bwana Faustin, Aliyesikiliza Sauti Zetu Zote

Mheshimiwa Mkuu wa kartie, mtaa huu wetu. Madame Régine, utakayekikalia kiti kuanzia kesho. Bwana Faustin, unayekiacha. Wageni waalikwa kutoka kampuni ya mgodi. Ba-Mama na ba-Papa wa avenyu yetu, hasa ninyi mliokuja mapema mkachagua viti vya karibu na mlango:

Nimeombwa nimuage Bwana Faustin. Nimeambiwa pia nisimtie aibu, wala nisitaje ardhi. La kwanza nitajitahidi.

Nani hapa asiyemfahamu? Ndiye aliyepokea malalamiko yetu katika biro, ofisi ile ya kampuni, tangu tuanze kusikia ule mngurumo chini ya nyumba zetu. Mwingine angetufukuza, yeye alitupa viti, akatuambia tulete sauti yenyewe aisikie. Mtu mwenye hofu anataka nini zaidi ya mtu wa kumsikiliza? Tulitoka pale na furaha, hata tukasahau kuuliza nyumba zitasimama mpaka lini.

Basi tukarekodi. Mama Marceline, yule pale mbele mwenye kitambaa cha bluu, aliilaza telefone yake kwenye sakafu ya jikoni kila ardhi ilipoanza kunguruma. Lakini sauti ndefu ni nzito, mtandao wetu hauiwezi kazi hiyo, na telefone ya biro ilizikataa zote zilizo kubwa. Bwana Faustin akatushauri, kwa upole wake, tuzipunguze. Syntiche wa kibanda cha telefone akazipunguza kwa programu tunayotumia wote, ile inayouliza: ni muziki, au ni maneno? Alichagua maneno, maana ndiyo yanayotoka madogo kabisa. Sauti iliyokuwa imejaza telefone nzima ikawa nyepesi kama salamu, ikafika biro Marceline akiwa bado anatafuta viatu vyake mlangoni.

Na jibu lilirudi. Hapo namsifu Bwana Faustin: hakuacha hata sauti moja bila jibu. Nilikuwepo siku Marceline alipomfuata.

"Mama," alimwambia, "nilisikiliza mupaka mwisho. Mule ndani muko weye unafukuza kuku. Kuku iko. Udongo kulia, haiko."

"Papa, na masahani yangu ile inaanguka, ni kuku njo inaangushaka?"

Akajibu kwamba yeye anapeleka mbele kile tu alichokisikia. Alisema kweli, na hilo ndilo lililotutisha. Kwani kuanzia siku ile tuliogopa mara mbili: tuliogopa ardhi, tukaogopa na vichwa vyetu, labda vinasikia kisichokuwepo. Kila mtu akaificha hofu yake. Mpaka mke wa Papa Chola alipotoboa siri kwamba mume wake analala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Tulicheka sana. Kisha tukaulizana, ikaonekana avenyu nzima inalala na viatu.

Marceline ndiye aliyetaka kujua kama ni mgonjwa. Baada ya misa, humu humu, alimwomba Caleb, wa vyombo vya kwaya, aiunganishe telefone yake na bafle, spika hizi kubwa mnazoziona. Naye Caleb akapiga kwanza sauti yenyewe, isiyopunguzwa. Tukamsikia Marceline, tukamsikia kuku. Kisha vioo vya madirisha haya vikaanza kulia, na vumbi likashuka juu ya vichwa vyetu. Caleb akapiga ile ndogo, tuliyokuwa tunaituma biro: Marceline, kuku, basi. Hakuna kioo kilichotikisika.

Programu ile haina ubaya, ndugu zangu. Mimi nimejifunza telefone kwa kuzifungua, na hivi ndivyo nilivyoielewa: ukiiambia ni maneno, inabakiza kinywa cha mtu, na kila kinachonguruma chini yake inakitupa. Inadhani hakuna anayetaka kukisikia.

Kwa hiyo, Bwana Faustin, sina shaka kwamba hukusikia kitu. Tunakutakia mapumziko mema kwenu Pweto, na samaki wa kutosha. Tunaishukuru pia kampuni kwa kuihamisha biro yako mwaka jana, ikaenda mbali na shimo. Tuliambiwa ni kwa sababu ya kelele. Kelele gani, hatukuuliza.

Madame Régine, ombi letu ni moja. Pokea sauti zetu zilivyo, na uzito wake wote. Mtandao ukizishindwa, tutazileta kwa miguu. Ukizisikia, leta wapimaji kabla ya mvua. Usipozisikia, hatuna pengine pa kuwalaza watoto.

Zawadi ya kumuaga Bwana Faustin ni ile sauti nzima ya Marceline, na Caleb ameshaiunganisha. Tafadhali shikeni glasi zenu. Zikianza kutikisika, msikimbie, ni sauti tu. Nitainua mkono, naye Caleb ataizima. Zikiendelea kutikisika baada ya hapo, mlango ni huu wa kushoto, na watoto watangulie.

Nimewashukuru sana kwa kunisikiliza mimi. Caleb, weka.