Ukuta wa Seli Tuliouona kwa Bi. Lamisi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Elimu wa wilaya yetu, Mwalimu Mkuu, wazazi mliokuja na matope ya mashambani miguuni: karibuni Tilbaga. Anayetusomea risala hii ni mwenzetu Asibi Awinbe. Mengi humu yanamhusu yeye, na amekubali tuyaseme.

Tulikotoka

Huku kwetu ni vitunguu tu. Asibi aliacha shule akiwa kidato cha kwanza ili amsaidie mama yake, Bi. Atini, kumwagilia. Siku moja mwalimu wetu wa baiolojia, Bi. Lamisi, alikwenda shambani kwao kununua kitunguu, akamuuliza Asibi kama anajua kilivyo ndani.

"Madamu, nimemenya vitunguu tangu sijaota meno," Asibi akamjibu. "Ndani kuna machozi tu."

Bi. Lamisi alicheka, kisha akamwomba aje darasani kutazama mara moja, halafu arudi zake shambani.

Tuliyoyaona

Hadubini ilikuwa ya Bi. Lamisi mwenyewe. Alibandua ngozi laini ya kitunguu, akaiweka kwenye kioo. Asibi aliinama akakodoa jicho mpaka tukadhani haoni kitu.

"Hivi vyumba kavijenga nani?" akauliza.

"Kitunguu chenyewe."

Bi. Lamisi akatueleza kwamba kila seli ya mmea hujijengea ukuta wa selulosi. Maji yakijaa, seli husukuma ukuta, ukuta nao hauachii, ndipo jani husimama. Maji yakipungua, jani hulala. Uyoga una kuta zake, bakteria nao wana zao, za malighafi tofauti.

Bi. Atini alikuja kumfuata bintiye. Akatazama na yeye. Akasema basi, asome, ila jioni awe wake shambani.

Yanayotukwaza

Muhula uliopita Bi. Lamisi alihamishiwa Kumasi, akaondoka na hadubini yake, kama ilivyo haki yake. Sasa tunachora ukuta wa seli kutoka ubaoni, na wadogo zetu wanatuuliza kama kweli tuliuona. Wasichana wawili wamerudi mashambani. Bi. Atini naye ameanza kusema jioni peke yake haitoshi. Asibi bado hukaa benchi la dirishani, pale hadubini ilipokuwa ikiwekwa ipate mwanga, na hataki kuhama.

Ombi letu

Tulikusudia kuomba maabara. Tulipokaa kuandika, wote tukajikuta tunamtaja mtu. Tunaomba Bi. Lamisi arudi. Ikishindikana, aje mwingine wa kutufuata mpaka shambani.

Asibi ameongeza maneno yake, nasi tumeyaacha kama yalivyo: "Mheshimiwa, Madamu aliniahidi kunionyesha seli za ndani ya shavu langu, ambazo hazina ukuta. Zangu mwenyewe bado sijaziona."

Mungu akufikishe nyumbani salama, na akulainishie moyo ungali njiani.

Ni sisi, wanafunzi wa sayansi, Sekondari ya Tilbaga.