Kasimu Kalikotetemeka Kifuani Mwangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, na ninyi wa karibu na mlango nanyi mwitike, maana hapo mlangoni nimeketi miaka mingi na napajua: mtu wa mlangoni huitika kwa sauti ndogo. Leo itikeni kwa nguvu! Mimi ni Mama Riziki, muuza ndagala, visamaki vya ziwani, pale ufukweni, na nimesimama hapa kwa sababu binti yangu Riziki yuko hai. Yule pale, mwenye mtoto mgongoni. Mtazameni vizuri, kisha mnisikilize.

Ndugu zangu, muuza ndagala ana harufu yake. Unaoga, unajipaka mafuta, unavaa kikwembe kipya, na harufu inakuja nawe ibadani kama mjumbe. Kwa hiyo niliketi nyuma. Wa protokole, wale wanaoonyesha watu pa kukaa, walikuwa wakiniona wananinyoshea kidole kuelekea benchi la mwisho kabla sijauliza. Sikununa. Niliimba palepale mlangoni na Mungu alinisikia.

Halafu mdogo wangu wa Lubumbashi akaniletea zawadi. Mnaijua! iPhone! Ile ya tunda lililoumwa mgongoni. Haikuwa mpya, yeye alishapata nyingine, lakini iling'aa, jamani, iling'aa! Jumapili ya kwanza niliingia nayo mkononi, na yule kijana wa protokole aliyezoea kuninyoshea kidole akanitazama mkono, akanitazama uso, akasema, "Mama, pita huku mbele." Harufu ilikuwa ileile, ndugu zangu. Ndagala walikuwa walewale.

Nikapita mbele, nikapapenda. Kwa nini niwadanganye? Wamama walianza kuniita Mama iPhone. Nikaingizwa kwenye kamati ya wamama. Katika arusi niliwekwa upande wa wakubwa, na soda yangu ilikuja kabla sijaiomba. Watu waliokuwa wakibishana nami sokoni juu ya kikombe kimoja cha ndagala wakaanza kunishauri mambo ya nyumba zao. Tena nilijibu! Nilijibu kama mtu aliyesoma.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja naingia kwenye mtumbwi kuchagua ndagala kabla wengine hawajafika, simu nimeichomeka kwenye mkunjo wa kikwembe. Nikainama. Ikasema chubwi. Kijana akaifuata majini akaitoa, fundi akaifungua, akaianika, akatikisa kichwa. Imekufa. Ukiibonyeza, giza.

Hapo mngesema: Mama Riziki, rudi mlangoni, benchi lako bado liko. Ndugu zangu, kupanda ni rahisi, kushuka ndiko kunavunja miguu! Nikaifuta vizuri, nikaivalisha kifuniko kipya, nikaendelea kuibeba imekufa. Akiniuliza mtu, batri imeisha. Na hapa kwetu Kalemie nani atabisha kwamba umeme haukuja? Nilipiga watu picha katika arusi, nikawaambia, "Cheka kidogo, baba," na ndani hamna kitu. Ninyi mliooana mwaka uliopita, mnaosubiri picha zenu mpaka leo, nisameheni. Hazipo.

Lakini muuza ndagala hawezi kuishi bila simu inayolia. Wateja wa Nyunzu, wa Kabalo, wote hupiga. Basi nilikuwa na kasimu ka tochi, kadogo, kamefungwa kwa mpira kasifunguke, na nilikaficha kifuani, chini ya blauzi. Nilikaweka katetemeke tu, kasilie. Kakitetemeka nasema nakwenda haja, nazunguka nyuma ya choo, nakatoa, naongea. Mtu mzima mimi! Bibi wa kesho! Najificha chooni na simu kama mtoto aliyeiba sukari.

Ikafika siku yenyewe, Jumamosi mchana. Tulikuwa na wageni, wamama wa kanisa letu la Moba, walikuja kwa boti kututembelea. Mama Eliza, prezida wa wamama, aliandaa meza pale mbele: kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na juu ya kitambaa sisi wa kamati tukalaza simu zetu kifudifudi, ili tunda lionekane juu. Msinicheke peke yangu! Hakuna aliyewahi kutangaza desturi hiyo, lakini kila anayeketi mbele anaijua. Anayelaza simu kifudifudi anataka usome mgongo wake.

Mama Eliza akasimama akawaambia wageni, "Sasa Mama Riziki atatusomea zaburi kwenye iPhone yake." Nikaichukua, nikasimama, nikasoma. Nasema nikasoma, lakini kioo kilikuwa cheusi kama chungu. Nilichagua zaburi niliyofundishwa na mama yangu nikiwa mtoto, ninayoijua kwa kichwa. Macho kwenye kioo, kidole kinateleza, sauti inapanda. Mgeni mmoja wa Moba, mama mnene mwenye kilemba cha bluu, alinitazama kwa heshima kubwa.

Kasimu kakatetemeka kifuani.

Nikaendelea kusoma. Nikasema moyoni, huyo ni mteja, atangoja. Kakanyamaza. Kakaanza tena. Hapo nikapoteza mstari, ndugu zangu! Nikapitisha kidole kwenye giza kana kwamba natafuta ukurasa, na mama wa kilemba cha bluu akanisubiri kwa subira. Nikaupata mstari kichwani, nikashika njia. Kakanyamaza. Kakaanza mara ya tatu.

Mteja wa ndagala hupiga bip moja akakata, anaogopa unite zake za simu zitaisha. Mtu anayepiga mara tatu mfululizo hana tena cha kuogopa ila kifo. Na mimi nilimwacha Riziki ng'ambo ya mto Lukuga peke yake, mumewe amekwenda Manono kuchimba, tumbo lake bado halijafika wakati. Nilijua haya yote nikiwa nimesimama pale! Mkono ukapanda mpaka kwenye blauzi, ukashuka. Nikaitazama meza. Nikaitazama safu ya mbele. Shetani akanong'ona: maliza zaburi kwanza, mistari imebaki michache, kisha uende chooni kama kawaida. Na kitu kingine, ambacho mimi nakiita Bwana, kikapiga kelele ndani yangu: Toa!

Nikatoa! Mbele ya wageni, mbele ya Mama Eliza, nikaingiza mkono kifuani nikakatoa kasimu kangu na mpira wake. Na kasimu kenyewe, mnakajua, hakasikiki ila kwa sauti ya nje. Basi jirani wa Riziki akaingia kanisani kwa sauti yake yote.

"Mama Riziki! Uko wapi, mama? Tunapiga, tunapiga! Riziki iko ku maternite, mutoto ametoka lakini damu inamuisha! Daktari anasema jamaa walete muntu wa kutoa damu, hapa hakuna! Kuya mbio, mama, kuya mbio!"

iPhone mkono huu, kasimu mkono huu, na kila mtu anaona ipi inaishi. Nilitaka ardhi inimeze, kisha nikakumbuka sina nafasi ya kumezwa. Nikalia kwa nguvu, "Mungu wangu, mutoto wangu!"

Hapo ndipo ukombozi ulipoanza, ndugu zangu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Mama Eliza, prezida, mke wa mtu wa biro, wa ofisini, aliinuka. Simu yake ya tunda ikabaki mezani, hakuigusa hata kidogo. Akaingiza mkono kifuani. Akatoa kasimu ka tochi! Kamefungwa kwa mpira! Akawapigia waendesha pikipiki, "Kuyeni kanisani, wote, sasa hivi!" Mama wa pembeni yake naye mkono kifuani, akampigia mumewe. Mama wa tatu akakatoa kake kwenye soksi! Haleluya! Safu ya mbele nzima, wapendwa, zile simu zote juu ya kitambaa cheupe, nyingine zimekufa, nyingine hazina unite, nyingine namba zake zilishafungwa. Zilizokuwa zikipiga ni zile za kifuani!

Pikipiki zikaja. Tukavuka daraja la Lukuga wamama watatu juu ya kiti kimoja, vilemba vinapepea, wageni wa Moba nao nyuma yetu wamekunja vikwembe. Watu wa njiani walidhani ni arusi. Pale maternite muuguzi hakumtazama mtu mkononi. Alisema, "Nani wa kwanza?" na wote tukanyosha mikono.

Damu yangu mimi, mama mzazi, ilikataa. Haikupatana na ya Riziki. Ndugu zangu, hapo nilipiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya dawa na sikuwa na zaburi, wala ya kichwani wala ya kioo. Nilisema tu, Bwana, huyu ni mmoja, sina mwingine. Nikiwa bado chini nikasikia muuguzi anasema, "Hii inakubali." Ilikuwa damu ya Mama Eliza. Na baada yake ikakubali ya yule mama wa Moba, mwenye kilemba cha bluu, aliyenisubiri nitafute ukurasa gizani.

Nilikwenda kumshika Mama Eliza mkono, amelala na sindano. Nilitaka kumshukuru, akaniwahi. Yeye akacheka, akaanza kulia, akaniambia, "Mama Riziki, simu yangu ile ilikufaka zamani, mbele ya yako. Niliendelea kuibeba kwa sababu nilikuwa naogopa wewe."

Mimi! Muuza ndagala! Na mimi nilikuwa ninabeba yangu kwa kumwogopa yeye! Tulikaa benchi moja mwaka mzima, kila mmoja anatetemeka kifuani, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na hakuna aliyekuwa na iPhone hai.

Riziki alifungua macho asubuhi akaomba uji. Uji! Mtu anayeomba uji anarudi. Mtoto ni wa kike, anaitwa Eliza, na wajina wake humjia kila Jumapili na sabuni na kumbusu.

Ndugu zangu, wanaouliza kama iPhone ni heshima, mimi nawajibu kwa sababu nimeibeba hai na nimeibeba imekufa. Inakupeleka mbele, sikatai. Wa protokole huyu hapa, shahidi. Na mwenye nayo inayofanya kazi, apige, apokee, ashukuru, si dhambi. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nusura nimzike aliyezaa kwa sababu ya kuficha. Aliyenipa heshima ya mgongo wa simu hakujua mwanangu ana damu gani. Mungu alijua, na aliiweka tayari kwenye mishipa ya mama niliyekuwa ninamwogopa.

Yangu bado iko nyumbani. Naitumia kama kioo nikifunga kilemba, na kaEliza, meno yanamtoka, ndiye anayeliuma lile tunda sasa. Na mimi nimerudi benchi langu la mlangoni, kwa hiari yangu! Mama Eliza amehamia hukohuko, tunabanana.

Asante Yesu! Asanteni, wamama wa mikono iliyonyoshwa! Nawe uliyebeba kitu kilichokufa kwa kuogopa watu, mtegemee Mungu leo, kiweke chini mbele yetu, hatutakucheka kwa muda mrefu.

Ngojeni. Ngojeni kidogo, mwimbishaji. Kuna kitu kinatetemeka hapo kwenye benchi la wamama. Nakisikia, masikio yangu yamezoea. Mama, usikibane na mkono. Toa, mama! Pokea! Kanisa litangoja.