Pigo la Nane

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali. Limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, chini ya dirisha ambamo spika ya dukani huchungulia barabara, na anayekaa upande wa tofali anajua kwamba akicheka vibaya wote watajikuta chini. Wenye benchi ni wanne. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye upara wake ni tangazo baya kuliko yote ya biashara yake. Kuna Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili hata kwa ndoto. Alikuwa karani wa mahakama, akabeba mafaili miaka thelathini, na yale maneno makubwa yakamgandia mdomoni. Kuna Chaji, fundi simu wa kibanda cha pili, anayeamini kwamba kila kitu duniani kina tatizo la betri. Na kuna Kinanda, mzee wa miaka sitini na tisa, mpiga kinanda wa Mwendo Mrefu, ile bendi ya roki iliyokataa katakata kutunga wimbo wa chini ya dakika kumi. Chupa ya kahawa hukaa katikati yao, sakafuni, mahali ambapo kila mguu unaifikia na hakuna anayekubali kuwa ndiye aliyeipiga teke.

Asubuhi hiyo Kinanda alikaa upande wa tofali, na wala hakukuwa na hatari ya kucheka. Albamu mpya ya Mwendo Mrefu, ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa, ilikuwa ndani ya flashi mfukoni mwake. Wenzake wa benchi walishaisikia mpaka Kinyozi ananyoa watu kwa mapigo yake. Leo haikuwa zamu yao. Saa nne mke wa Kidevu angemleta Kidevu.

Kidevu ndiye mpiga ngoma wa bendi. Jina alipewa jukwaani: mikono na miguu ikiwa kazini, aliwaambia wenzake "sasa" kwa kuinua kidevu, na bendi nzima ikageuka kama mtu mmoja. Kwa miaka miwili ugonjwa wa kusahau umekuwa ukimla kidogo kidogo, na daktari alishasema waziwazi kwamba hakuna cha kufanya. Albamu hakuwa ameisikia hata mara moja. Kinanda alikuwa amebakiwa na tumaini moja tu, na hakumwambia mtu kwa sababu angelia: kwamba Kidevu akiisikia ngoma yake mwenyewe, atarudi, japo kwa dakika ishirini na mbili za wimbo mmoja.

— Gazeti limetuandika, alisema Wakili, akiisogeza simu mbali na macho yake.

— Limetuandika sisi nani? Wewe kwenye hiyo albamu ulipiga nini? aliuliza Kinyozi.

— Nilitoa ushauri. Nyamaza usikie. "Wazee hawa wamerudi na kazi nzito kuliko zote za ujana wao. Katika wimbo wa 'Ngazi', dakika ya kumi na nne, mpiga ngoma anaongeza pigo la nane ndani ya mwendo wa saba, na bendi nzima inapanda naye. Huo ni ujasiri ambao kijana hawezi hata kuuota."

— Hapo kwenye saba ndipo mnaponiacha kila siku, alisema Chaji. Saba nini?

Kinanda alimpigia kwa kidole juu ya goti. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Tena. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu.

— Ukihesabu hivyo mpaka mwisho, hiyo ndiyo Ngazi, alisema. Saba, saba, saba.

— Isipokuwa dakika ya kumi na nne, alisema Wakili, na kidole kikapanda juu kama yuko mbele ya hakimu. Hapo ni nane. Na swali linabaki mezani, waheshimiwa: kwa nini? Tena si hawa wetu tu. Bendi za roki ndefu dunia nzima, wazee wa kupandishwa jukwaani kwa kushikwa mkono, mpaka leo wanatoa albamu za kutisha. Wenzao wa nyimbo fupi walishazikwa na kusahaulika. Kwa nini?

— Nywele, alisema Kinyozi.

— Nywele?

— Nywele, bwana. Mimi ndiyo kazi yangu. Walipokuwa vijana walifuga nywele mpaka kiunoni. Nywele zinakula damu. Sasa wana vipara, damu yote imeshuka kwenye vidole. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Wakili.

— Ukiinama damu inashuka. Wewe ulisoma wapi?

Benchi lilitikisika. Wakili alingoja litulie, akajimiminia kahawa, akarudi kortini.

— Napinga. Ukweli ni huu: hizo nyimbo si mpya. Walizitunga zote wakiwa na miaka ishirini, wakaziweka kwenye faili. Kila wakikaribia kufa wanafungua moja. Jungu kuu halikosi ukoko.

— Hiyo sasa imekaa, alikubali Chaji.

— Haijakaa, alisema Kinyozi. Ukoko ni ule ulioungua.

Kinanda aliangalia barabara. Saa nne kasorobo. Kule mwisho hakukuwa na mtu ila mwanamke anayefagia mbele ya duka lake, akisukuma vumbi lile lile upande wa jirani.

— Nyote wawili mnabahatisha, alisema Chaji, akashusha sauti. Mimi nawaambia kitu nilichokifikiria usiku mpaka nikakosa usingizi. Wale wazee wanaogopa kumaliza. Wimbo ukiisha, na wao wanaisha. Ndiyo maana ni dakika ishirini. Kila wakifika mwisho wanaongeza chumba kingine. Ni kama simu iliyobakiwa na asilimia moja: usiizime, haitawaka tena.

Hapo hakuna aliyemcheka. Kinyozi alijipangusa upara.

— Chaji, wewe ukinywa kikombe cha pili unatuletea matanga.

— Na kile cha tatu bado, alisema Chaji. Kwa sababu wapo wanaosema walishakufa. Wote. Kompyuta ndiyo inayopiga. Ngoma ya mtu mzima wa miaka sabini haiwezi kutulia vile. Kwa hiyo lile pigo la nane ni kompyuta imejisahau.

— Kidevu hajafa! alisema Kinanda.

Alisema kwa sauti ambayo benchi halikuizoea. Chaji alitazama viatu vyake.

— Samahani, mzee wangu. Ni maneno ya watu.

— Basi tuambie wewe uliyekuwepo, alisema Wakili kwa upole. Hilo pigo la nane mlilipataje?

— Ndivyo lilivyokuja, alisema Kinanda.

Na lilikuja hivi. Walirekodi sebuleni kwa Kidevu, magodoro mawili yameziba dirisha, na mkewe amekaa jikoni asisogeze hata kijiko. Kidevu alipiga Ngazi kutoka mwanzo, na alikuwa mzima kabisa, yule yule wa zamani, mpaka Besi, mwenzao wa gitaa zito, akamkonyeza Kinanda kwa furaha. Dakika ya kumi na nne macho ya Kidevu yakawa matupu. Mikono ikabaki hewani kwa muda wa pigo moja. Kisha ikashuka, ikaendelea, ikamaliza wimbo wote bila kosa jingine. Walimwomba arudie kesho yake. Kesho yake alisimama mlangoni pa sebule na kuuliza ni nani aliyeleta ngoma nyumbani kwa watu.

Besi alisema ni jambo dogo, kompyuta inalikata hilo pigo kwa kubonyeza mara moja. Kinanda akakataa. Waligombana wiki nzima, wazee wawili wenye wajukuu, kwenye simu, wakikatiana. Mwishowe Kinanda alimwambia, tukimsahihisha yeye, atakuwa amebaki nani humo ndani? Basi wakajisahihisha wenyewe. Miezi minne walikaa wakibomoa kinanda, besi na sauti, wakavijenga upya ili vyote vianguke pale alipoanguka na viinuke pale alipoinuka. Walijifunza kukosea pamoja naye. Na kazi hiyo, iliyofanywa kwa huruma tupu, ndiyo ikawa bora kuliko zote walizowahi kufanya. Jambo hilo lilimuuma Kinanda zaidi ya yote.

— Wale kule, alisema Kinyozi.

Mke wa Kidevu alikuwa anakuja taratibu, amemshika mumewe kiwiko. Alikuwa amemvalisha shati la jukwaani, lile la zambarau, limepigwa pasi mpaka kola. Kinanda alisimama ghafla na wengine wakashika benchi.

— Shemeji, karibuni. Kidevu, ndugu yangu. Karibu sana.

— Nimekaribia, alisema Kidevu, kwa adabu ya mtu aliyeingia nyumba asiyoijua. Hapa wananyoa?

— Wananyoa, ndugu. Ila leo tunasikiliza muziki.

— Vizuri. Muziki naupenda.

Chaji aliondoka upande wake bila kuambiwa, akakaa juu ya ndoo. Mke wa Kidevu alimnong'oneza Kinanda:

— Ameamka vizuri leo. Ameniita jina langu. Mara ya kwanza alipoamka, mara ya pili akiwa anakunywa chai.

— Basi leo ndiyo leo, shemeji, alisema Kinanda, akachomeka flashi kwenye redio ya Kinyozi.

Ngazi ilianza. Kinanda chenyewe kwanza, peke yake, halafu besi, halafu ngoma. Kinanda hakuusikiliza wimbo, aliutazama mguu. Kiatu cha kulia cha Kidevu kilikaa kimya dakika nzima. Kisha kikagusa chini. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu.

Mke wa Kidevu alijiziba mdomo.

Dakika ya tano mguu ulikuwa unapiga. Dakika ya tisa mikono ikaingia, vidole juu ya mapaja, kushoto na kulia, safi. Kinyozi, aliyekuwa ameingia ndani kumnyoa mteja, alimwacha kitini na povu kidevuni, akaja kusimama mlangoni. Dakika ya kumi na tatu, wimbo ulipokuwa unapanda, Kidevu aliinua kidevu. Kile kile. Sasa! Na Kinanda, mzee mzima, aliyezika wazazi wake bila kutoa chozi mbele ya watu, alilia wazi mbele ya benchi zima. Amerudi, alijiambia. Mungu wangu, amerudi.

Ikafika kumi na nne.

Kiatu cha Kidevu kilishuka palepale kinapotakiwa kushuka, kwenye moja. Spika ikawa kimya pigo zima, ndipo ngoma ikaanguka, na bendi nzima nyuma yake. Mikono ya Kidevu ilisimama. Alikunja uso.

— Hapo amekosea, alisema.

Akahesabu upya kwa kidole juu ya paja.

— Ni saba. Huyu kapiga nane. Alikuwa anakwenda vizuri, halafu akapotea.

— Gazeti linasema ni ujasiri, alisema Wakili, kwa sauti ndogo.

— Gazeti halipigi ngoma, mzee. Amepotea. Kidevu alitega sikio tena, kichwa upande, na uso ukamlegea. Na hawa wengine wamemfuata. Mnasikia? Kinanda kimemfuata, besi imemfuata. Wote wamekosea naye. Wangeweza kumwacha.

Aligeuka, akawatazama mmoja mmoja, na alipomfikia Kinanda alimtazama kama alivyowatazama wengine.

— Nani huyu anayewapigia ngoma?

Chaji alifungua mdomo na Wakili akamkanyaga mguu. Wakili mwenyewe, mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu kuanzia vita mpaka vitunguu, aliinamia simu yake ambayo kioo kilishazima. Kinyozi alichukua chupa amimine kahawa, akaiinamisha, akaitikisa, akaiinamisha tena. Haikutoa kitu. Mke wa Kidevu alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba, akitafuta na kutafuta, na hakuna alichokuwa anatafuta. Kinanda alikuwa nalo jina. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini angemwambiaje mtu kwamba aliyepotea ndiye yeye?

— Kama mnamjua, alisema Kidevu, mwambieni apumzike. Amechoka. Mtu anasikika akichoka.

Alisimama, akamgusa mkewe begani.

— Mama, twende nyumbani. Hawa wana wageni wao.

— Twende, alisema mkewe. Akamtazama Kinanda mara moja tu, akamshika mumewe kiwiko, wakarudi walikotoka. Shati la zambarau lilionekana mpaka kwa yule mwanamke wa ufagio, aliyesimama kuwapisha.

— Nizime? aliuliza Kinyozi.

— Acha, alisema Kinanda. Bado dakika tano.

Alikaa upande wa tofali, mikono juu ya mapaja, akausikiliza wimbo mpaka mwisho akiwa anahesabu.